Mamba Hamwombi Samaki Msamaha

Juzi nilikuwa sokoni Mansa nachagua chisense, wale samaki wadogo wa ziwa wanaoanikwa juu ya mchanga, na harufu yao ilinijaa puani kabla hata sijainama. Kuna watu wakipita pale huziba pua. Wazibe tu. Kwangu harufu ile ni ya nyumbani, na sitaiombea radhi kwa mtu. Basi nikiwa nimeinama hivyo, simu ya muuzaji ikaanza kuimba. Sauti ilikuwa imechoka, imehamishwa simu hadi simu mpaka imekuwa kama ya mgonjwa wa mafua, lakini maneno niliyajua kabla hayajatoka, Kiswahili cha Kongo ambacho 'njo' ni 'ndiyo', 'ku' ni 'kwenye', na 'mbele ya' ni 'kabla ya':

*Pasta alisema, bwana apende bibi yake*
*kama vile anapenda Kanisa.*
*Wangu njo ananipenda kama kanisa kabisa:*
*anaingia mara moja kwa juma,*
*anakaa ku benchi ya nyuma, anasinzia,*
*anatoka mbele ya sadaka.*

Muuzaji alicheka mpaka bakuli la kupimia likamponyoka. Nikamwuliza wimbo ni wa nani, naye akaniita yaya, yaani dada mkubwa. "Wa batu ya Lubumbashi, yaya. Bale banachekeshaka batu." Nikasimama wima. Nikamwambia, "Dada, wimbo huo ni wa mama yangu mzazi. Aliutunga Nchelenge, kwenye mawe ya kufulia, na mimi ninayekuambia ndiye niliyekuwa nimeshika sabuni." Hakuniamini. Nikanunua mabakuli mawili kwa hasira na kuondoka, na njia nzima nikawa nasema peke yangu. Mama hayupo tena wa kujitetea. Basi nitamsemea mimi, na nitasema kwa kujivuna, maana sina namna nyingine ya kumsema.

Nilikwenda kukaa naye nikiwa na miaka tisa. Wazazi wangu walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakati wa vita, mikono mitupu, wakaniacha Mwansabombwe kwa Banakulu, yaani mama mzaa baba, hadi wapate nyumba yao. Nyumba ilichukua miaka minne. Banakulu alikuwa mtu wa dini iliyonyooka kama fimbo. Kwake hapakuwa na kucheka mezani, na kosa halikulazwa. "Ukimkosea mtu," alisema, "usingoje jua lizame. Chukua kuku, nenda kwake, piga magoti, piga makofi, useme. Na usiseme umekuja mwenyewe, mtoto hana neno lake. Sema umetumwa na wakubwa." Nililishika somo hilo vizuri mno, na ndilo lililokaribia kumponza mama yangu.

Jumapili yangu ya kwanza Nchelenge, baada ya ibada ya Kiswahili, watu walikuwa wanaagana uani mwa kanisa. Pasta alisimama mlangoni na suti yake nyeusi, mtu mzito, mwenye kikohozi cha heshima. Mara mama yangu, aliyevaa kitambaa cheupe cha kichwani cha wamama waimbaji, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua:

"Weye Samaki! Mahubiri yako ya leo ilikuwa na mifupa mingi. Nitakukula kesho, leo nimekosa pilipili!"

Pasta hakutikisika. "Mamba muzee wa meno mabovu," alijibu, "utamukula nani? Siku moja nitakufukuza ndani ya maji haya, weye na bitoto byako byote!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Kaka yangu Chanda alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo "bitoto byote" nilikuwa mimi peke yangu. Nilisikia neno moja tu, kufukuzwa, na nikaona barabara ya kurudi kwa Banakulu imelala mbele yangu.

Hakuna aliyenieleza, kwa sababu pale ziwani hakuna anayefikiri kuna mtu asiyejua. Kwetu mtu hufuata ukoo wa mama yake. Mama ni wa ukoo wa Mamba, na mimi pia. Pasta ni wa ukoo wa Samaki. Mamba hula samaki, basi koo hizo mbili ni watani tangu enzi za wazee wa wazee. Wabemba huwaita banungwe. Mtani anaweza kukutukana msibani huku machozi yanakutoka, anaweza kulala ndani ya kaburi la baba yako akadai alipwe ndipo atoke, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Sheria ni mbili tu. Hakuna hasira, na hakuna msamaha. Ukimwomba mtani wako msamaha umekiri kwamba ulimtukana kweli, na hapo neno limetoka kwenye utani limeingia kwenye kesi.

Mwaka huo, kama kila mwaka, ziwa lilifungwa. Miezi mitatu ya mvua serikali hukataza uvuvi ili samaki wazaane, na sisi tunaiita bani. Wanaume wanarudi nyumbani wote kwa mpigo, wanakaa barazani wanashona nyavu na kuuliza chakula kimefika wapi. Wake zao wanawagundua upya, na si kila ugunduzi unapendeza. Ndiyo maana kanisa letu liliweka mafundisho ya ndoa wakati huo huo. Mama alikuwa akisema serikali imewapa samaki miezi mitatu ya ndoa, kanisa limewapa watu juma moja, tuone nani atafanikiwa.

Mafundisho yaliandaliwa na Mzee Kasongo, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliyekuwa ameyaandika kwa mkono wake, kalamu ya bluu, kurasa nyingi. Nisimwonee. Alikuwa mtu mwema, mjane aliyewalea watoto wake peke yake na hakuna aliyekosa shule. Lakini alikuwa mtu wa bara, ametoka mbali na ziwa, na utani wetu aliuona ni upagani uliovaa nguo za Jumapili. Kila asubuhi alifundisha yeye, Pasta akafunga kwa sala. Na kila mchana mama akaenda na somo lile lile hadi kwenye mawe ya kufulia, akaligeuza wimbo, akimtaja Pasta kwa kuwa ndiye mtani wake.

Jumatatu ilifundishwa kwamba mume ni kichwa cha nyumba. Mchana mama aliinama juu ya shuka la baba, akalipiga kwenye jiwe, akaanza:

*Kichwa kiko, Pasta, kiko ku kitanda,*
*kimelala tangu bani ilianza.*
*Mikono inatwanga, miguu inaenda ku maji,*
*kichwa kinauliza: bukari iko wapi?*

Wamama wakaitikia "Bukari iko wapi!" na kupiga nguo kwenye mawe kwa pamoja, pa! Bukari, ugali wetu wa muhogo, haikuwahi kupata sifa kama siku ile. Jumanne somo lilikuwa mke mwema na ulimi wake, asimjibu mumewe, anyamaze, amani ikae nyumbani. Mama alisubiri mpaka wote wamepaka sabuni.

*Nilinyamaza, Pasta, kama ulisema.*
*Nyumba inavuja, nilinyamaza.*
*Mbuzi anakula Biblia, nilinyamaza.*
*Bwana anatafuta suruali, na iko ku mukono wake,*
*nilinyamaza, Pasta, njo amani ya nyumba!*

Mwanamke mmoja alianguka majini kwa kicheko, nguo zake zikaelea hadi akazikimbilia. Mimi nilikuwa naangalia nyuma yangu kuona kama Pasta anakuja.

Jumatano ndipo ukaja ule wa kupendwa kama kanisa, ule niliousikia sokoni. Msichana mmoja akaurekodi kwa simu yake. Wachuuzi walikuwa bado wanavuka kwa mashua na chumvi na sabuni, na kabla ya siku kuisha wimbo ulishafika Kilwa na Chisenga, visiwa vya ziwa letu, ambako watu hawana uvuvi, hawana kazi, wana masikio tu. Walioupokea waliurudisha na beti za kwao. Baba naye, mnaodhani aliona haya, hamkumjua baba. Alikaa barazani na sindano ya nyavu mdomoni, mtu akipita (baba aliitwa Bashi Chanda na mama Bana Chanda, kwa jina la kaka yangu) akimwuliza, "Bashi Chanda, njo weye unatokaka mbele ya sadaka?" alijibu, "Hapana, mie niko ule wa suruali." Nilitamani ardhi inimeze. Leo nikikumbuka mwanaume yule alivyokaa imara kwenye wimbo wa mke wake bila kupungua hata kidogo, naona nilizaliwa na watu wawili wakubwa.

Jioni ya siku hiyo hiyo nilikuwa bombani kuchota maji. Mzee Kasongo alipita na mzee mwenzake, hawakuniona au hawakujali. "Mpaka Kilwa banatucheka," alikuwa anasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Nimeandika mafundisho miezi miwili. Bana Chanda atavua kile kitambaa, atakaa ku benchi ya nyuma, hataimba, hatakula Meza ya Bwana. Shida ni Pasta. Kila mara nikisema ananijibu, 'Ni mutani wangu, Mzee, uache.'"

Nilisimama pale ndoo ikajaa ikamwagika. Kichwani mwangu mambo yalijipanga vizuri kabisa, kila moja mahali pasipo pake. Pasta aliapa kutufukuza. Sasa wazee wanapanga namna. Mama atatolewa kanisani, tutaondoka, mimi nitarudishwa Mwansabombwe. Na mama mwenyewe haoni, anaimba tu! Nikaona hakuna mwenye akili katika nyumba ile isipokuwa mimi.

Alhamisi mchana, mama alipokwenda ziwani, nilimkamata kuku wetu wa madoadoa. Tulikuwa naye mmoja tu. Nikamfunga miguu kwa kipande cha uzi wa nyavu, nikamkumbatia hadi kwa Pasta. Pasta alikuwa ameketi uani kwake na Mzee Kasongo, wanapanga ibada ya kufunga mafundisho. Nikapiga magoti kwenye tope. Nikapiga makofi taratibu, kama nilivyofundishwa.

"Mukwai Pasta," nilisema, kwa neno la heshima. "Mama alikosa, alikutukana. Tunaomba musamaha. Musitufukuze."

Uso wa Pasta ulishuka. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukishuka vile. Alimtazama kuku, akanitazama mimi, akasema polepole, "Mutoto, nani alikutuma?"

Na mimi, mtoto wa Banakulu, mtoto asiye na neno lake, nikajibu: "Mama."

"Ooo," akasema Mzee Kasongo, akaegemea nyuma. "Pasta, umesikia na masikio yako. Kila siku unaniambia utani, utani. Utani unaombewa musamaha tangu lini?"

Pasta alinyanyuka akamchukua kuku mikononi mwangu, kwa sababu kuku wa msamaha akikataliwa ni vita, akaingia ndani bila kuniaga. Nami nikarudi nyumbani nikirukaruka. Mtani wa mama yangu alikuwa amebaki na huzuni, na mimi naruka! Nilijiona nimeokoa ukoo mzima. Jioni mama alimtafuta kuku, akasema labda kicheche kamchukua, nikanyamaza kwa raha zangu nikingoja siku ya kushukuriwa.

Barua ilikuja Ijumaa asubuhi. Mama aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa. Ilisema aje mbele ya wazee kesho yake, "kwa kuwa wewe mwenyewe umemtuma mtoto wako pamoja na kuku, kuomba msamaha kwa matusi uliyomtukana Mchungaji." Akaikunja. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Ulimupeleka kuku?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulisema nilikutuma?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Nikaeleza yote, kufukuzwa ndani ya maji, bitoto byote, benchi la nyuma, Mwansabombwe. Nilipofika kwa Mwansabombwe nilishindwa kuendelea, nikalia. Baba alianza kucheka ndani ya nyavu zake, akaona uso wa mama, akaacha.

Mama akanivuta nikakaa karibu naye kwenye mkeka. "Sikiliza," alisema. "Wakati tulivuka, nilikuwa sina hata kikwembe cha pili cha kujifunga. Kila mutu hapa alinihurumia. 'Masikini mukimbizi, masikini.' Banakupa unga, banakuangalia na macho ya kilio. Nilichoka. Pasta njo alikuya, akaniuliza ukoo wangu. Nikasema Mamba. Akashika kichwa, akapiga kelele: 'Mama we! Hatujamaliza kukimbia bale ba kwanza, balituletea mwingine!' Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita. Mutu akikuhurumia, uko mugeni. Mutu akikutania, uko kwenu. Yeye njo alinifanya niko kwetu hapa, unasikia? Na weye umemuambia nilikuwa nikimutukana kweli."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Baba akaweka sindano chini. "Bana Chanda, hii haina ugumu. Sema hukumutuma. Mutoto alijituma, alisema bongo, uongo mutupu, inaisha."

"Alafu baandike ku karatasi ya kanisa kama mutoto wangu alienda kushitaki mama yake, na tena eko muongo?" mama akasema. "Ana miaka tisa. Atabeba hiyo mpaka aolewe. Hapana. Nitasema nilimutuma."

"Na benchi ya nyuma?"

"Benchi ni benchi."

"Na nyimbo?"

Aliinuka akachukua kile kitambaa cheupe, akakifua kwa sabuni ya unga, akakianika, kilipokauka akakipiga pasi ya makaa, akakikunja mara nne, tayari kukirudisha. Mwanamke aliyefua akiimba siku zote alifua kitambaa kile kimya. Ninasema ukweli wangu: watu wengi wamenipenda maishani, lakini sijaona tena mtu akiniweka mbele ya kitu alichokipenda kiasi kile, na kwa haraka kiasi kile, kama anayechagua kati ya mihogo miwili.

Jumamosi tulikwenda. Wazee watano walikaa kwenye benchi la mbele, Mzee Kasongo katikati na karatasi yake. Pasta alikaa pembeni kama mfiwa. Hakumwita mama Mamba, wala mama hakumwita Samaki. Walisalimiana "Shikamoo"? Hata hiyo haikuwepo. Ilikuwa "Mwapoleni mukwai" ya kawaida, salamu wanayopeana watu waliokutana njiani. Ile salamu ilinitisha kuliko matusi yote niliyoyasikia. Nyuma, wamama waimbaji walijaza mabenchi matatu.

Mzee Kasongo alisoma mashtaka yake yote, akavua miwani. "Bana Chanda, tuulize kitu kimoja tu. Ulimutuma mutoto kuomba musamaha, ndiyo ao hapana?"

Mama alivuta pumzi. Niliijua pumzi ile, ndiyo aliyovuta kila mara kabla ya kuanzisha wimbo. Nikajua akiitoa, basi yamekwisha.

"Hakunituma!" nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka nikajishtukia. "Nilisema bongo, Mzee. Mama hakuyua kitu. Nilijituma."

Mama akageuka. "Weye, nyamaza."

"Muache," akasema Mzee Kasongo, bila ukali. "Mutoto, ulijituma kufanya nini? Kumuombea mama yako musamaha?"

Kila mtu alinitazama. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli na ilishatoka. Sehemu ya pili sikuwa nimeipanga, naapa. Nilimtazama Pasta, yule mtu mzito aliyekuwa ameinamisha kichwa, na ulimi wangu ukafunguka wenyewe, kama wa mama kwenye mawe.

"Hapana, Mzee. Niliona Samaki amekonda. Sisi Bamamba hatukulake mifupa. Nilimupelekea kuku anenepe kwanza."

Nikasikia mvua ya manyunyu juu ya bati. Nikadhani nimeharibu mara ya pili.

Mzee Kasongo alikunja uso. "Na ule musamaha? Niliusikia na masikio yangu mawili. Ulisema 'tunaomba musamaha.'"

Nilikuwa na neno moja tu siku ile na nilishalitumia. Nikatazama sakafu. Ndipo kile kikohozi cha heshima kikasikika pembeni.

"Ule ulikuwa wa kuku, Mzee," akasema Pasta. "Njo alikuwa anaenda kukufa. Mutoto alikuwa anamuaga."

Wamama wa nyuma walilipuka. Pasta akasimama, na uso ule ulioshuka Alhamisi ukapanda wote kwa mara moja. "Alafu," akanyoosha kidole kwa mama, "kuku mwenyewe alikuwa amekonda kunipita mie! Miguu mitupu! Bamamba beko na choyo tangu dunia iumbwe!"

"Choyo?" Mama alishika kiuno. Kile kitambaa cheupe kilikuwa mkononi mwake bado, akakitikisa kama anayefukuza nzi. "Weye Samaki umekula kuku yangu muzima, hata bawa hukuturudishia, na unasema choyo? Haki ya Mungu, bani ikiisha weye njo wa kwanza kuingia ku chungu!"

Wazee wenyewe walikuwa wanacheka sasa, mmoja anajifuta macho kwa shati. Mzee Kasongo alingoja. Nampa heshima yake: alingoja mpaka wote wakamaliza, akaitazama karatasi, palipoandikwa msamaha, akalifuta neno lile kwa mstari wa kalamu yake ya bluu. "Basi," alisema, "kama hakuna aliyeomba musamaha, hakuna aliyetukana. Kesi haiko. Lakini Bana Chanda, ninakuomba. Hizi nyimbo zipunguke kidogo."

"Eya mukwai, Mzee," mama alijibu, na akapiga goti kwa adabu kamili. "Mafundisho yakipunguka, na nyimbo zitapunguka."

Nilimwona Mzee Kasongo akiuma mdomo. Alikuwa anazuia kicheko, na mpaka leo nitabishana na yeyote atakayesema sivyo. Mama akakifungua kitambaa, akakifunga kichwani pale pale mbele yao, akatoka.

Nje alitembea haraka, mimi nyuma yake kama ilivyo desturi, mtoto nyuma ya mkubwa. Sikujua kama nyumbani kunaningoja chakula au fimbo. Nilistahili vyote viwili. Tulipofika penye njia ya kushuka ziwani alisimama.

"Ile kuku ilikuwa inataga."

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku yai moja."

"Ndiyo, Mama."

"Siku ingine ukitaka kunenepesha Samaki, peleka jogoo."

Akanishika begani, akanisukuma. "Pita mbele."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Akanisukuma tena. Basi nikatangulia, na yeye akanifuata, mama yangu, na kitambaa chake cheupe. Watu walikuwa wamesimama milangoni wanangoja habari, maana barua ya wazee haifichiki. "Bana Chanda, vipi? Kesi imeisha namna gani? Balikuweka ku benchi?" Waliuliza nyumba kwa nyumba, hadi kwetu. Mama alininyooshea kidole tu mimi niliyekuwa mbele.

"Mumuulize Mamba."